Alpaka wa Peru: Thamani Iliyofichika Ndani ya Sufu

Juma hili tuvuke bahari kwa fikira mpaka Peru, katika Amerika ya Kusini. Nchi hiyo si ngeni kwa Wakristo wa Afrika. Ndiko alikozaliwa Mtakatifu Martino wa Porres, ambaye mama yake alikuwa wa asili ya Kiafrika, mpenzi wa maskini na wa wanyama, aliyetangazwa mtakatifu mwaka 1962. Ndiko pia alikokuwa askofu, katika jimbo la Chiclayo, Baba Mtakatifu Leo XIV. Leo twaenda huko kutazama maonyesho ya mifugo, mahali ambapo wachungaji wa milimani huleta alpaka wao wapate kupimwa mbele ya watu wote.

Alpaka ni mnyama wa jamaa ya ngamia, ila ni mdogo na hana nundu. Shingo yake ni ndefu, macho yake makubwa na mapole. Asili yake ni vikunya, mnyama wa porini, ambaye watu wa milima ya Andes walianza kumfuga yapata miaka 6,000 iliyopita. Wahispania walipoingia nchini mwaka 1532, mifugo mingi iliangamia katika taabu za miaka iliyofuata. Iliyosalia ilihifadhiwa na maskini huko juu, penye baridi kali. Leo Peru ina alpaka zaidi ya milioni 3, na wengi wao huchungwa na jamaa za Wakechua na Waaymara, mara nyingi katika kimo cha mita 4,000 na zaidi. Kwetu kimo hicho hupatikana tu juu kabisa, kama huko Ruwenzori.

Mungu amemwumba mnyama huyu afae mahali pake. Nyayo zake ni laini, haziharibu udongo. Katika taya la juu hana meno ya mbele. Hukata majani bila kuyang'oa mizizi. Kundi zima huenda haja mahali pamoja, na mavi yakikauka huwa kuni katika nchi isiyo na miti. Jike huchukua mimba miezi 11 na zaidi, naye huzaa mtoto mmoja tu, karibu kila mara wakati wa mchana, ili mtoto akauke kabla ya baridi ya usiku. Hata hivyo theluji na jalidi huua watoto wengi, na kila afaye ni hasara kubwa kwa jamaa yake.

Tuingie sasa uwanjani. Alpaka hupangwa kwa aina, kwa jinsia, kwa umri na kwa rangi. Aina ni mbili: huakaya, mwenye sufu iliyofura, na suri, ambaye sufu yake huning'inia kama nyuzi za hariri. Mwamuzi hutazama miguu, mgongo, meno na macho. Kisha huweka mikono yake begani, ubavuni na pajani, akaifunua sufu mpaka ngozi. Kwa nje sufu huwa na vumbi na majani makavu. Ndani ndimo wororo na mng'ao hukaa. Anayehukumu kwa kutazama ganda la nje hupotea mara moja. Mwishoni mwamuzi husema wazi kwa nini huyu amepita yule, na mchungaji hurudi nyumbani akijua la kurekebisha.

Jambo hili si mchezo. Kwa miaka mingi wanunuzi walilipa sufu kwa uzito tu. Mchungaji mwangalifu, aliyechagua madume mema na kutunza sufu safi, alipata bei ileile ya mzembe. Tena viwanda vilipenda sufu nyeupe, kwa kuwa hupokea kila rangi ya dawa. Basi wachungaji walizidisha weupe, nao weusi, wa kahawia na wa kijivu wakapungua sana. Rangi ikitoweka katika damu ya kundi, fedha haiwezi kuirudisha upesi. Ndiyo maana twasifu maonyesho yanayowapa wenye rangi nafasi yao na tuzo lao: hapo bidii ya mtu wa milimani huonekana, na urithi wa mababu hupata wa kuutetea.

Ninyi wanafunzi mnaofuga sungura, kuku au mbuzi, jifunzeni kwa mwamuzi huyo. Msichague mnyama wa kuzalisha kwa sababu ya umbo la nje au kwa kuwa soko la leo lampenda. Mshikeni, mfunueni, mwulizeni mzee aliyemlea mama yake. Nanyi wazazi, mkiuza mazao yenu, dai la haki si aibu: kazi njema ipimwe kwa wema wake, si kwa uzito wa gunia peke yake.