Kabla ya kupanda ndege, uliza ni nani atashika kisu

Majuzi mama mmoja mfanyabiashara wa hapa Lodwar aliingia katika chumba changu cha matibabu, akaketi, akafungua simu yake na kunionyesha tangazo. Lilikuwa la hospitali moja ya ng'ambo. Kwa malipo ya mara moja angepata tikiti ya ndege, hoteli ya siku saba, gari la kumpokea uwanjani, na upasuaji wa kutoa mafuta tumboni na kuyahamishia kwenye makalio. Picha zilikuwa za kupendeza.

"Daktari, wewe niambie tu," akasema, "hii hospitali ni nzuri?"

Nami nikamwuliza swali moja: "Mama, ni nani atakayekupasua?"

Alitafuta katika simu kwa muda mrefu. Jina la hoteli lilikuwepo, pamoja na idadi ya nyota zake. Jina la daktari halikuwepo.

Sikumcheka, na wewe msomaji nakuomba usimcheke. Mwili ni wake na pesa ni za jasho lake. Isitoshe, kutaka kujipamba hakukuanza na simu. Wazee wa Turkana walichanjwa chale za urembo, wakang'olewa meno ya chini ya mbele, na wengine wakatobolewa mdomo wa chini ili wavae pambo. Siusifu wembe ule, kwa maana haukuchemshwa na uliwaletea wengi maradhi. Lakini aliyeushika alijulikana kwa jina lake na la baba yake, na kesho yake jeraha likivimba alikuwa papo hapo kijijini. Yule wa kwenye tangazo hana jina, na kesho hutamwona.

Sisi wa huku tumezoea kumfuata daktari mbali. Kuna watu hapa ambao hadi leo wakipanda basi la Kitale husema wanakwenda "Kenya", kana kwamba Turkana ni nchi nyingine. Mpasuaji bingwa kwetu amekuwa mtu wa kufuatwa au wa kuletwa. Wala hatuna sababu ya kumwogopa kwa kuwa ni mgeni. Mwaka 1957 madaktari watatu, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, walianzisha shirika ambalo leo tunaliita Amref. Wote watatu walikuwa wapasuaji wa kurekebisha maumbile, na McIndoe alikuwa amepata sifa kwa kuzitengeneza upya nyuso za marubani walioungua katika Vita vya Pili vya Dunia. Huko Lokichoggio, hospitali ya Lopiding iliyofunguliwa na Shirika la Msalaba Mwekundu la Kimataifa mwaka 1987, na kukabidhiwa serikali ya Kenya mwaka 2006, iliwatibu majeruhi wengi wa vita vya Sudan kwa mikono ya wapasuaji waliotoka nchi za mbali.

Basi tofauti iko wapi? Pale Lopiding mgonjwa alikuwa na faili, alikuwa na kitanda, na aliyempasua alirudi kumtazama asubuhi. Tangazo la simuni linakuuzia kisu peke yake, na asubuhi hiyo halikuuzii.

Nimewahi kumpokea mwanamke aliyerudi kutoka nchi ambayo sitaitaja, siku ya tano baada ya kupasuliwa. Alisafiri kwa ndege hadi Nairobi, kisha akapanda basi hadi Lodwar kwa sababu pesa zilikuwa zimekwisha. Kidonda kilikuwa kimefunguka na kutunga usaha. Alinipa karatasi ya hospitali iliyoandikwa kwa lugha ambayo mimi na yeye hatukuijua. Sikujua alipewa dawa gani, wala alishonwa kwa njia gani ndani. Nambari ya simu aliyopewa ilikuwa ya dalali, na dalali hakupokea. Tulimsafirisha hadi Eldoret akiwa na homa kali. Aliishi, namshukuru Mungu, lakini aliniambia kwamba jambo lililomchelewesha kuja kwangu ni aibu. Aliogopa nitamwuliza, "Ulikwenda kutafuta nini?" Wenzangu madaktari, lawama hapo ni yetu pia. Mgonjwa anayetuogopa hufika kwetu akiwa amechelewa.

Tafadhali usidhani kwamba ninasema ng'ambo ni kubaya na nyumbani ni kuzuri. Oktoba 2024 mwanamke mmoja alifariki Nairobi baada ya upasuaji wa kupunguza mafuta, na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya, KMPDC, likaifunga kliniki aliyohudumiwa. Kwa upande mwingine, wako wapasuaji hodari Nairobi, India, Uturuki, Dubai na Afrika Kusini. Jina la nchi halikuhakikishii usalama. Cha kuhakikisha ni ujuzi wa mtu mmoja, vifaa vya chumba anachofanyia kazi, na mpango wa siku zinazofuata.

Huo upasuaji ambao mama yule aliutamani, wa kuhamishia mafuta kwenye makalio, ni kati ya ile yenye hatari kubwa katika upasuaji wote wa urembo. Mwaka 2017 jopo la wataalamu lilikadiria kwamba huenda unaua mtu mmoja kati ya 3,000. Sababu yake inaeleweka. Ndani ya msuli wa kalio mna mishipa mikubwa ya damu. Sindano ikizama hadi humo, mafuta huingia katika mshipa, hukimbia hadi moyoni na mapafuni, na mtu anaweza kufa akiwa bado mezani. Mpasuaji anayejua kazi yake huyaweka mafuta chini ya ngozi tu, juu ya msuli. Kwa hiyo uhai wako unategemea sentimita chache na mkono wa mtu usiyemjua jina.

Kwa hivyo, kabla ya kulipa hata shilingi, uliza maswali haya na udai majibu yaliyoandikwa.

Kwanza, jina kamili la mpasuaji na nambari yake ya usajili. Usitosheke na vyeti vilivyotundikwa ukutani. Tafuta jina hilo katika orodha ya baraza la nchi yake. Ya Kenya imo katika tovuti ya KMPDC, na mtu yeyote anaweza kuitazama. Uingereza wana GMC, Afrika Kusini wana HPCSA, Dubai wana Mamlaka ya Afya ya Dubai, na Uturuki Wizara ya Afya hutoa kibali maalumu kwa hospitali zinazopokea wagonjwa wa kigeni.

Pili, uliza ubingwa wake ni wa nini. Leseni ya udaktari si leseni ya ubingwa. Mimi nina leseni, lakini ukinipa tumbo lako nilichonge nitakuwa nimekudhulumu. Hata Uingereza, daktari yeyote aliyesajiliwa anaweza kujiita mpasuaji wa urembo. Unachotafuta ni aliyesomea upasuaji wa kurekebisha maumbile kwa miaka, baada ya shahada ya kwanza.

Tatu, ni nani atakayekupa dawa ya usingizi, na je, mna chumba cha wagonjwa mahututi? Watu huuliza habari za kisu wakasahau usingizi. Moyo ukisimama, hoteli ya nyota tano haitakusaidia.

Nne, nitazungumza na mpasuaji mwenyewe lini? Atakayekupasua ndiye anayepaswa kukuuliza kuhusu kisukari, shinikizo la damu, selimundu, dawa unazomeza na upasuaji wa zamani. Kama anayekuuliza ni dalali, na swali lake kubwa ni siku utakayolipa, ondoka.

Tano, nitaruhusiwa kusafiri lini? Kukaa kwenye kiti saa nyingi baada ya upasuaji hugandisha damu miguuni, na bonge hilo likipanda mapafuni huua. Idara ya afya ya Uingereza, NHS, hushauri kungoja siku 5 hadi 7 baada ya kufyonzwa mafuta au kupasuliwa matiti, na siku 7 hadi 10 baada ya upasuaji wa tumbo au uso. Sasa wewe wa Turkana uongeze safari ya barabara kutoka Nairobi kupitia Kitale na Kainuk.

Sita, nani atanitazama nikirudi? Dai muhtasari wa upasuaji katika Kiingereza au Kiswahili, majina ya dawa, na simu ya daktari mwenyewe. Kisha uje kwa daktari wako kabla ya kuondoka, si baada tu.

Huko Kakuma, kilomita 120 hivi kutoka hapa, swali hili huja kwa sura nyingine. Katika kambi ile iliyoanzishwa mwaka 1992 wamo wanaume wa Sudan Kusini wenye alama za kabila kwenye paji la uso, walizokatwa walipoingia utu uzima. Kijana mmoja aliniletea picha aliyotumiwa na ndugu yake aliye Marekani. Kuna daktari wa nchi fulani, alisema, anayezifuta kabisa.

Nilimweleza ukweli. Kovu halifutwi. Mpasuaji mzuri anaweza kulifanya jembamba, au kulilaza ili lisionekane sana. Lakini ngozi yetu nyeusi ina tabia ya kufura inapokatwa, na kovu jipya linaweza kuwa kubwa kuliko lile la zamani. Mpasuaji mwaminifu atakuuliza kama wewe au ndugu zako mna makovu yaliyofura, na pengine atakushauri uache. Yule anayekuahidi paji laini kama la mtoto mchanga anakuuzia ndoto.

Ninaamini, msomaji, kwamba kipimo bora cha mpasuaji ni ule uwezo wake wa kukwambia "hapana". Mfanyabiashara hukubali kila mteja. Daktari huwakataa wengine kwa faida yao wenyewe, akapoteza malipo.

Yule mama wa tangazo aliondoka kwangu bila kuamua, akiwa na maswali sita kwenye karatasi. Baada ya wiki mbili alirudi. Alikuwa amewaandikia watu wa tangazo akidai jina la mpasuaji. Walimjibu kwamba jina atalijua akishafika, na kwamba bei itapanda mwisho wa mwezi.

"Daktari," akaniambia, "hata mbuzi siwezi kumnunua bila kujua mwenyewe ni nani."

Bado anataka tumbo lipungue, na ni haki yake. Nimemwandikia barua kwa bingwa aliyemo katika orodha ya KMPDC, ili akaongee naye kwanza, bila kisu. Huenda atapasuliwa, huenda ataambiwa hapana. Vyovyote itakavyokuwa, atamjua kwa jina mtu aliyemjibu, na akirudi Lodwar na kidonda, mimi nitajua ni nani wa kumpigia simu usiku.