Tairi za Kila Njia: Hesabu Mzigo Kwanza

Mvua za masika zikishanyesha majuma mawili katika Kinangop, kila mwenye pikapu huanza kuzungumza habari moja tu, nayo ni habari ya tairi. Huyu amekwama hatua mia kutoka langoni kwake, na maziwa ya asubuhi yamo garini. Yule amevutwa na trakta ya jirani, naye amelipa. Wa tatu amepita pale pale bila taabu, watu wakainama kutazama chini ya gari lake, wakaona tairi mpya zenye meno makubwa. Jioni hiyo hiyo wako wenye magari waliokwisha amua kuuza ndama wanunue za namna ile.

Ndugu mkulima, mimi sitakuambia usinunue. Tairi hizo, ambazo ubavuni huandikwa A/T, yaani tairi za kila njia, ni kitu chema, na katika mashamba yetu ya settlement zaweza kumfaa mtu sana. Ninalosema ni kwamba wengi wetu huzinunua bila kujua kazi yake hasa. Twazinunua ili tushindane na matope, kumbe faida yake kubwa iko katika mawe na changarawe. Tena mwenye kuzinunua kwa ajili ya matope mara nyingi huwaharibia jirani zake barabara, na jambo hilo nitalisema hapa chini bila kuficha.

Yafaa kwanza tuzijue tairi zenyewe. Tairi ya kawaida ya lami ina mifereji myembamba ya kutoa maji. Haina kelele, hushika lami vizuri wakati wa mvua, lakini ukingo wa jiwe huikata upesi. Tairi ya matope, iliyoandikwa M/T, ina meno makubwa yaliyoachana sana, na tairi ikizunguka udongo huruka nje kupitia nafasi zile. Lakini kwenye lami hunguruma kama kinu cha posho, huisha upesi, na breki zikikanyagwa juu ya lami iliyolowa gari huenda mbele zaidi kabla ya kusimama. A/T imekaa katikati ya hizo mbili. Meno yake ni mazito kuliko ya tairi ya lami, na kwa kawaida ngozi yake ni ngumu zaidi, kwa hiyo hustahimili mawe, mizizi na changarawe.

Sasa udongo wetu mweusi, ule unaonata kama ulimbo, ni habari nyingine. Ukiingia ndani yake na A/T wakati umelowa kabisa, nafasi kati ya meno hujaa kwa mizunguko michache, na tangu hapo unaendesha tairi kipara, hata kama uliinunua jana. Katika njia ya changarawe iliyolowa juu tu, A/T itakuvusha. Katika majani ya shambani yaliyolowa umande, itakuvusha. Katika dimbwi la udongo mweusi lililochimbwa na malori ya viazi juma zima, hiyo si kazi yake, na muuza tairi anayekuambia vinginevyo labda hajapata kuja kwetu mwezi wa Aprili.

Fikiri tena safari yako yote. Kutoka shambani hadi kwenye lami labda ni kilomita 3 au 4. Kisha ni lami kutoka Njabini mpaka Flyover, na baada ya hapo ile barabara kuu ya Nairobi na Nakuru, yenye malori na ukungu. Mwenye kununua M/T kwa sababu ya zile kilomita 3 ananunua hatari ya kilomita zote zilizobaki. Kwa sababu hiyo mimi nasema mtu wa settlement akitaka kubadilisha, achukue A/T.

Lakini A/T gani? Hapa tuje kwenye mzigo, maana hapa ndipo watu hufa. Ubavuni mwa tairi, baada ya namba za ukubwa, kuna namba ya mzigo. Namba 104 maana yake ni kwamba tairi hiyo moja imetengenezwa kuchukua kilo 900, wala si zaidi. Namba 110 ni kilo 1,060. Namba 112 ni kilo 1,120. Mara nyingine utaona namba mbili pamoja, kama 110/108 katika ile 205R16C inayojulikana sana kwenye pikapu. Ya kwanza ndiyo yako, na ya pili ni ya magari yenye tairi mbili-mbili kila upande wa nyuma. Herufi C huonyesha kwamba ni tairi ya gari la mizigo. Nyingine huandikwa LT, nazo ni za kazi nzito kama hiyo.

Kuna A/T nyingi zenye sura nzuri ambazo zilitengenezwa kwa magari ya kuchukua watu na vikapu vyao. Meno ni makubwa, lakini namba ya mzigo ni ndogo. Piga hesabu pamoja nami. Tuseme pikapu yako ikiwa tupu hulemea ekseli ya nyuma kwa kilo 650. Unapakia magunia 20 ya viazi ya kilo 50, yaani tani moja, na sehemu kubwa ya mzigo huo, tuseme kilo 900, hukalia nyuma. Jumla ni kilo 1,550, na kila tairi ya nyuma imechukua 775. Tairi ya 104 yatosha. Sasa fanya kama tufanyavyo siku bei ya viazi ikipanda, pakia magunia 30. Nyuma panakuwa na kilo 2,000, kila tairi kilo 1,000, na tairi ya 104 imezidiwa kwa kilo 100 kabla hujaingia shimo la kwanza. Ya 110 ingestahimili, lakini springi na breki za gari hazikuongezeka nguvu siku ulipobadilisha tairi, kwa hiyo hiyo nayo si ruhusa ya kupakia 30.

Hapo nimehesabu gunia la kilo 50, ambalo ndilo kipimo cha juu katika kanuni za viazi za 2019. Anayepakia lumbesa ajue kwamba magunia yake 15 yaweza kuwa mazito kuliko 30 ya jirani yake. Gari halijui idadi ya magunia, lajua uzito tu.

Tairi iliyozidiwa haipasuki pale shambani mbele ya macho yako. Huenda ikakuvusha matope yote vizuri. Lakini kila inapozunguka, ubavu wake hujikunja na kujikunjua, na kujikunja huko huleta moto. Ikiwa upepo nao ni mdogo, hujikunja zaidi. Basi inapasuka mbele huko, kwenye lami, gari likiwa katika mwendo na vijana wawili wamekaa juu ya magunia. Habari za namna hii twazisikia kila msimu, na watu husema ni bahati mbaya.

Kuhusu ukubwa, wako wanaotaka tairi kubwa kuliko zile gari lilizokuja nazo, ati gari liinuke. Chukua mfano. Kutoka 245/70R16 kwenda 265/70R16, tairi imeongezeka urefu wa milimita 28 kutoka chini mpaka juu. Tumbo la gari litainuka nusu ya hiyo, milimita 14, upana wa kidole kimoja tu. Na kwa faida hiyo ya kidole, saa ya mwendo itakudanganya: ikisema 80, wewe uko karibu na 83. Gari litakuwa zito kuondoka, litakunywa mafuta zaidi, na ukikata kona tairi yaweza kugusa bodi. Kaa na ukubwa ulioandikwa kwenye kibati cha mlangoni. Kibati hicho hicho hukuambia upepo wa gari tupu na upepo wa gari lenye mzigo, nao upimwe asubuhi tairi zikiwa baridi.

Si lazima kununua zote kwa siku moja. Kwa pikapu inayosukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake, mwenye fedha za tairi mbili azitie nyuma, maana huko ndiko kuna nguvu na mzigo. Lakini ekseli moja isiwe na tairi za namna mbili. Mwenye gari la magurudumu manne yenye nguvu hana nafasi hiyo. Zake zote nne ziwe sawa kwa kimo, la sivyo gia zitaumia akiiweka katika magurudumu manne juu ya njia kavu. Na spea isisahauliwe. Spea nyembamba ya zamani katikati ya A/T tatu ni taabu utakayoikumbuka gizani.

Mitumba nayo nitaisema kwa ufupi. Tafuta ubavuni namba nne za mwisho baada ya herufi DOT. Ikiwa 2319, tairi ilitengenezwa juma la 23 la mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukiwa umehifadhiwa dukani, hukauka na kupasuka-pasuka, nayo meno yabaki marefu kama mapya. Usitazame meno peke yake.

Tena liko jambo lisilo na gharama. Pikapu tupu huteleza kwa sababu nyuma ni nyepesi. Magunia mawili ya mchanga juu ya ekseli ya nyuma, yamefungwa yasisogee, humsaidia mwenye kurudi nyumbani baada ya kupeleka maziwa kuliko wengi wanavyofikiri. Minyororo ya magurudumu pia bado ni dawa ya matope halisi, mradi uivue ukifika kwenye lami.

Sasa lile nililoahidi. Barabara nyingi za ndani za mashamba yetu zilipimwa wakati wa Mpango wa Ekari Milioni Moja, ulioanza 1962, wakati kila shamba lilikuwa na nyumba moja na magari yalikuwa ya kuhesabika. Leo mashamba yamegawanywa kwa watoto na wajukuu, nyumba zimekuwa nyingi, na njia ni ile ile. Mtu mwenye A/T akipita siku ya mvua kubwa, yeye atapita. Lakini nyuma yake huacha mapito mawili marefu, maji hukaa humo usiku kucha, na kesho yake njia imelainika mpaka chini. Mwenye pikapu ya tairi za kawaida hapiti. Mwenye mkokoteni wa punda hapiti. Pikipiki inayompeleka mama mjamzito hospitali huanguka. Huyu wa A/T naye akija siku ya tatu, mapito yamekuwa mitaro, tumbo la gari lakaa juu ya udongo na tairi zake nzuri zazunguka hewani.

Kwa hiyo uzinunuapo, subiri. Mvua ikikatika asubuhi na jua likatoka, njia ya changarawe yenye mgongo na mifereji mizuri hukauka juu kwa saa chache. Maziwa hayawezi kusubiri, najua, nayo yafaa yapelekwe kwa kitu chepesi, pikipiki au punda, mpaka barabara kubwa. Viazi vyaweza kusubiri mpaka saa nane.

Na kuna hesabu nyingine ambayo naona haipigwi. Tuseme, kwa mfano tu, tairi moja ni shilingi 20,000. Nne ni 80,000. Wakiwa majirani watano wenye pikapu katika njia moja, wote wakabadilisha, wametoa 400,000 ili kupita mahali pamoja pabaya pa mita 60. Ni kweli kwamba chini ya Katiba ya 2010 barabara za kaunti ni kazi ya kaunti, na ombi lipelekwe huko kwa maandishi. Lakini sehemu ya fedha hizo ingenunua mawe ya kujaza pale, na nyingi ya sehemu mbaya nizionazo mimi zimeletwa na mkulima aliyejaza udongo katika mfereji ili apate kuingia shambani, bila kuweka hata kalvati moja chini yake. Maji yalikosa njia, yakapita katikati ya barabara.

Kabla ya masika tembea kwa miguu kutoka langoni kwako mpaka kwenye lami, uhesabu viingilio vilivyoziba mfereji, ukianza na chako. Kisha nenda kwa muuza tairi, na umwulize namba ya mzigo kabla hujauliza bei.