Mfupa wa Kauri: Msisifu Printa, Ulizeni Habari za Tanuri

Juzi binamu yangu, ambaye bado anatembelea magongo tangu aanguke na bodaboda, alinitumia picha ya mfupa wa kauri uliochapishwa kwa printa ya 3D. "Wewe si mtu wa kompyuta? Nichapie wangu basi." Nilicheka, kisha nikasoma mpaka saa saba usiku. (Kazi ya mwajiri ililala. Msimwambie.)

Mwaka wa 2011, Susmita Bose na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington State, Marekani, walitumia printa iliyoundwa kutengeneza vitu vya chuma. Inatandaza unga wa kalsiamu fosfeti, inanyunyiza gundi pale tu kompyuta inapoagiza, kisha inatandaza tena, tabaka la mikromita 20 juu ya jingine. Lakini kinachotoka hapo ni dhaifu kama chaki. Nguvu inakuja kwenye tanuri, chembe za unga zinaposhikana kwa joto kali. Na kilichoongeza nguvu hiyo zaidi ya maradufu ni silikoni na zinki kidogo zilizotiwa kwenye unga. Baadaye maabara hiyo hiyo ilichoma vipande kwa mawimbi ya maikrowevu badala ya tanuri la kawaida. Vikapanda kutoka karibu megapaskali 7 hadi karibu 11. Mchoro ulikuwa ule ule!

Sisi waandishi wa programu tunapenda kuamini kwamba faili ikiwa safi, kazi imekwisha. Hapa haijaanza.

Tena kuna mvutano ambao hakuna programu itakayouondoa. Mfupa huu lazima uwe na matundu ili seli na mishipa ya damu iingie, na kila tundu linapunguza nguvu.

Kinachonikera zaidi ni wastani. Chuma hupinda kwanza, kikakuonya. Kauri haionyi, inavunjika ghafla, kuanzia kwenye ufa wake mbaya kuliko zote, hata kama sehemu nyingine zote ni imara. Kwa hiyo mtu akiniambia wastani wa nguvu umepanda, mimi nataka kujua kile kipande kilichovunjika mapema kuliko vingine kilivunjikia wapi. Ni kama tovuti ambayo kwa wastani inafunguka haraka, ila wewe ndiwe uliyekwama kwenye malipo. Na vipimo vingi ni vya kukandamiza, jambo ambalo kauri inaliweza. Mguu wa mtu hupindwa na kusokotwa, na hapo kauri ni hoi. Ndiyo maana kalsiamu fosfeti hutumika zaidi kujaza mapengo ya mfupa, huku chuma kikibeba uzito.

Binamu nimemwambia aendelee na chuma chake. Ameniuliza kama angalau naweza kumchapia magongo mapya. Hayo nitajaribu.