ANAYETAJA HATARI SI MFITINI



Mashini ikikosa kinga ya mkanda, wa kwanza kuona ni yule asimamaye mbele yake kutwa. Lakini akimwambia nyapara, mara nyingi hujibiwa: "Kama umechoka, geti liko wazi." Wiki ya pili huhamishiwa zamu ya usiku, na akiwa kibarua, asubuhi hasikii jina lake likiitwa. Wenzake huona na kunyamaza. Kidole kikikatika, ndipo kila mtu husema alijua.

Twataka ijulikane kwamba vitisho hivyo ni kinyume cha sheria. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamkataza mwajiri kumfukuza au kumwonea mfanya kazi kwa sababu amelalamika juu ya hatari. Tena mtu akisha kutoa habari ya hatari kubwa, mwajiri hana ruhusa kumrudisha mahali pale maadamu hatari ingalipo. Na penye watu 20 au zaidi, lazima iwepo kamati ya usalama, na wafanya kazi wawemo.

Lakini sheria haina mdomo. Basi ukiona hatari, usiende peke yako. Mwite mwakilishi wenu wa Chama, andikeni siku na saa, mbaki na nakala. Akiguswa mmoja kwa ajili hiyo, shauri ni letu sote.

Na kwa matajiri twasema: anayewaonyesha ufa anawaokolea ukuta.