Trakta ya zamani: tusinunue rangi



Kila mara bei ya trakta mpya inapotajwa kwenye mkutano, mtu mmoja anasimama: «Tutafute Massey Ferguson 135 ya zamani, ile haichoki.» Sisi hatumpingi. 135 ilianza kutengenezwa mwaka wa 1964. Moteri yake ya mazuti, Perkins ya silinda 3, haina kompyuta yoyote, na fundi wetu wa hapa anaweza kuifungua kwa funguo za kawaida. Lakini 135 mbili zenye rangi moja zinaweza kuwa tofauti sana ndani, na tofauti moja inaweza kuua mtu.

Tuanze na ambreyaji. Kuna zenye diski moja: ukikanyaga pedali, kila kitu kinasimama, magurudumu, shafti ya nyuma inayozungusha mashine, hata pompi ya mafuta inayoinua jembe. Zingine ziko na diski mbili: ukikanyaga nusu, trakta inasimama lakini shafti na pompi zinaendelea. Kwa kuvuta trela tu, ya kwanza inatosha. Kwa mashine ya kuvuruga udongo kwenye mpunga wa bonde la Ruzizi, tunashauri ya pili.

Sasa jambo kubwa: Multi-Power. Baadhi ya 135 ziko na kifaa hicho, kinachoongeza vitesi za mbele kutoka 6 mpaka 12. Kinaongozwa na kimkono kidogo mbele ya shoferi. Mashoferi wanakipenda, juu kinabadilisha mwendo bila kukanyaga ambreyaji. Lakini kikiwa kwenye «Low», moteri haishiki trakta kwenye mteremko. Inakuwa kama baiskeli inayoshuka: pedali zimetulia, magurudumu yanakimbia. Sasa fikirini trela yenye magunia inashuka Ngomo kwenda Kamanyola, na kinachoizuia ni freni za zamani peke yake.

Kwa hiyo tunaomba kamati isilipe hata dola moja kabla fundi wa kooperative, si wa muuzaji, hajafanya kazi tatu. Ajaribu ambreyaji. Aangalie kama Multi-Power iko. Apime freni ya kushoto na ya kulia kama zinashika sawasawa, na kama kile chuma cha kuziunganisha kwa ajili ya barabara kingali pale.

Multi-Power ikiwepo, si lazima tuache trakta. Shoferi aweke «High» na vitesi nzito kabla ya kuanza kushuka, asiguse tena mpaka chini. Na kama «High» inateleza, trakta hiyo isipande wala kushuka mlima mpaka itengenezwe.

Muuzaji akikataa fundi wetu ajaribu, turudi nyumbani na pesa zetu. Pesa hizo ni za mavuno yetu sisi wote, na shoferi atakayekaa pale juu ni mtoto wetu.