Tuchukue Utaratibu wa Mfaransa, Tumwachie Siagi Yake

Jamaa zangu wa Mtambile, na nyinyi wa Kengeja na Mkanyageni mnaoshukia hapa njia panda kutafuta gari, nataka tuzungumze juu ya matumbo yetu. Tangu mwaka 2004, Mireille Guiliano, mama wa Kifaransa aliyehamia New York, alipotoa kitabu akidai kwamba wanawake wa kwao hawanenepi, dunia imejaa nasaha za kula na kuvaa Kifaransa ili mtu abaki mwembamba. Nasaha hizo zimetufikia hata sisi kupitia simu. Sizikatai. Ninachokataa ni namna tunavyozipokea: mmoja ananunua jibini na siagi ya mkebe, mwingine chai ya kukondesha ya bei kubwa, kisha jioni anakula sambusa nne amesimama kando ya barabara.

Kinachomsaidia Mfaransa hakimo ndani ya jibini. Kimo katika utaratibu wake wa kula. Ana saa ya chakula cha mchana na saa ya chakula cha usiku, na baina yake hatafuni ovyo. Akila hukaa kitako na watu wake wakazungumza, hata kwa siku nzima muda wake wa kula hupita saa mbili. Lakini muda mrefu si chakula kingi. Mwaka 2003 mtaalamu wa saikolojia Paul Rozin na wenzake walichapisha matokeo ya kupima vyakula vya mikahawani katika miji ya Paris na Philadelphia, Marekani. Wastani wa Paris ulikuwa gramu 277, wa Philadelphia gramu 346. Mmarekani anapakuliwa robo zaidi, naye, kama binadamu yeyote, humaliza kilichowekwa mbele yake. Wanene Ufaransa wapo, tena wameongezeka, ila bado ni wachache kuliko Marekani.

Anayedhani siri iko katika bendera na aitazame Mayotte. Kisiwa hicho, jirani wa Ngazija, kimo mikononi mwa Ufaransa tangu 1841, na mwaka 2011 kikawa mkoa wake kamili. Watu wake wengi ni Waislamu kama sisi, walaji wa wali, ndizi na muhogo. Kilichowafikia kwa meli ni mabawa ya kuku yaliyogandishwa na soda. Meza ya Mfaransa na saa zake za kula hazikupakiwa. Leo unene na kisukari ni mzigo mkubwa kisiwani humo, na walioelemewa zaidi ni wanawake.

Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize vizuri, kwa sababu utaratibu huo tulikuwa nao. Wazee wetu wa Pemba walilizunguka sinia moja juu ya mkeka, wakaanza kwa Bismillahi, na hakuna aliyeinuka na tonge mkononi. Wali ulikuwa na siku zake; siku nyingi ni muhogo, majimbi, shelisheli au ndizi, pamoja na samaki na kisamvu. Kitamu hakikukatazwa: kipande kidogo cha halua ya Wete kwa kahawa chungu barazani, katika kikombe cha mafunda machache, na mtu akatosheka. Mtume wetu (S.A.W.) amefundisha tumbo ligawiwe mafungu matatu, la chakula, la maji na la pumzi, na Qur'ani imetukataza israfu katika kula na kunywa. Paris haikutuongezea lolote hapo.

Sasa tunakulaje? Asubuhi chai ya sukari na maandazi, saa nne chapati, mchana wali wa kujaza sahani, alasiri soda na kachori, usiku wali tena, macho kwenye simu na mkono unakwenda wenyewe. Dukani tulikokwenda kwa miguu twaita bodaboda. Hata Ramadhani, mwezi wa kulipumzisha tumbo, zipo nyumba zinazomaliza mafuta na sukari kuliko mwezi mwingine wowote.

Simsemi mwenye njaa. Pemba ina watoto waliodumaa kwa kukosa lishe, na mama anayegawa chungu kimoja kwa watoto sita maneno haya hayamhusu. Wala simtaki mtu ajikondeshe hadi mifupa ionekane. Ufaransa yenyewe, kwa sheria iliyoanza kutumika 2017, inawadai wanamitindo cheti cha daktari, kwa sababu wasichana walikuwa wakijiua kwa njaa.

Nasema nasi tuliojaaliwa kushiba. Tupakue mara moja, sufuria ibaki jikoni. Nusu ya sahani iwe mchicha, bamia au kisamvu, samaki wapate robo, wali robo. Mwenye njaa alasiri ale chungwa, naye akae kitako. Soda tuiachie harusi.

Na mavazi je? Kuiga si aibu. Mkarafuu wenyewe Wafaransa ndio walioutoa Maluku wakauleta Mauritius katika karne ya 18, kabla haujafika kwetu. Wao husifiwa kwa nguo chache zilizokatwa sawasawa na mwili. Dera ni vazi zuri, lakini mwili unaongezeka mwaka hadi mwaka nalo halisemi kitu. Basi kila mmoja apeleke kitambaa kwa fundi, ashonewe nguo moja ya kipimo ya kuvaa ndani, aijaribu kila mwezi unapoandama. Ikimkaza, atajua kabla ya kuambiwa na daktari. Njiani buibui na kanzu vitabaki pale pale.

Wapo watakaosema unene ni neema na kitambi ni cheo. Ilieleweka zama za njaa. Leo kitambi hicho kinafuatana na sukari na presha, maradhi yanayompofua mtu, kumkata mguu na kumpoozesha angali ana watoto wa kulea.

Watoto hao nao tuwatazame. Septemba 2005 Ufaransa iliondoa skulini mashine za kuuzia soda na peremende. Skuli zetu hazina mashine, zina wauzaji langoni, nao ni mama zetu watafutao riziki. Nawaomba walimu na kamati za skuli za Mtambile wakae nao kwa wema, wakubaliane kuuza muhogo wa kuchemsha, ndizi, machungwa na madafu badala ya soda na barafu za rangi. Nasi wazazi, kuanzia Jumatatu hii, pesa tunayompa mtoto iwe ya chungwa.