Tangawizi yauzwa kwa simu, siri ya muuzaji nani ailinde?

MKULIMA wa tangawizi wa Mamba au Myamba, katika milima ya Upare, leo hana haja ya kuteremka hadi Same mjini kuulizia bei. Hupiga simu, hupiga picha ya mzigo na kumtumia mnunuzi. Akihitaji namba ya mlipakodi au fomu ya mkopo, huenda steshenari, ambako kijana wa kompyuta humfungulia barua pepe.

Hapo ndipo penye hatari. Nywila ikiandikwa kwenye daftari la duka, si siri tena. Nakala ya kitambulisho cha Taifa ikibaki kwenye kompyuta ya watu wote, yeyote aweza kuichukua. Nacho kivinjari, yaani programu ya kufungulia intaneti, huuliza kama kihifadhi nywila. Akijibiwa “ndiyo”, atakayekaa kiti hicho baadaye ataingia bila hodi.

Hasara yake ni ya mfukoni. Anayeingia kwenye barua pepe ya mtu anaweza kubadili nywila za huduma nyingine zilizosajiliwa kwa anuani hiyo. Anaweza pia kusoma bei ambayo mkulima amekubaliana na mnunuzi, na mlanguzi akishaijua, anajua pa kumbana.

Wapo wanaotegemea dirisha la faragha la kivinjari. Dirisha hilo hufuta kumbukumbu kwenye kifaa tu. Tovuti na kampuni ya simu bado huona nyendo. Mwaka 2024, katika kesi iliyofunguliwa Marekani, Google ilikubali kufuta kumbukumbu nyingi za watu waliotumia dirisha hilo kwenye Chrome.

Uchaguzi upo, tena bila malipo. Firefox na Brave huzuia vifuatiliaji vingi vya matangazo. Opera Mini hubana bando kwa kupitisha kurasa kwenye mitambo ya kampuni yake; yafaa kwa kusoma habari, lakini kwa mambo ya benki ni heri kutumia kingine. Kwa barua pepe, Proton Mail ya Uswisi, iliyoanza mwaka 2014, hufunga barua zilizohifadhiwa kiasi kwamba hata kampuni yenyewe haiwezi kuzisoma. Gmail nayo iliacha kupekua barua kwa ajili ya matangazo baada ya tamko la mwaka 2017.

Hata hivyo, kufuli imara haisaidii ikiwa ufunguo umeachwa steshenari. Nywila ichaguliwe na mwenyewe, akaunti ifungwe kabla ya kuondoka, na nakala ya kitambulisho ifutwe mteja akiona.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake hupokea malalamiko. Mwenye steshenari anayetunza nakala za wateja hana budi kujua kwamba hilo si jambo la hiari tena.